Pua ya Mama Mkwe

"Sijavuta, mama, naapa—"

"Usiape! Usiniapie hapa na koti linanuka hivi—"

"Si unisikilize kwanza—"

"Nikusikilize wewe wakati pua imeshanieleza yote?"

"Pua haielezi kitu, mama."

"Yangu inaeleza. Njoo hapa. Inama."

Na mwanamume mzima, fundi makochi mwenye mabega ya kubeba kabati peke yake, akainama pale mlangoni kama mtoto anayetafutwa chawa. Mama yake akamnusa. Alianza na nywele, akashuka shingoni, akapitia vidole kimoja kimoja, halafu akarudi kwenye koti alilolishika mkono wa kushoto, mbali na mwili wake, kama mtu aliyemnyanyua panya kwa mkia.

"Vidole vinanuka gundi," alisema.

"Si ndiyo kazi yangu?"

"Mdomo unanuka karafuu."

"Si wewe uliyenipa nitafune?"

"Lakini koti!" Akalipunga hewani, harufu ikazidi kutawanyika. "Koti linanuka sigara. Haya, baba, nieleze. Koti limejivutia lenyewe?"

Jikoni, mke wa fundi alikuwa anakata vitunguu. Kile alichokihitaji alishakimaliza kitambo, sasa alikuwa kwenye cha tatu, kwa sababu mtu anayekata vitunguu haulizwi kwa nini machozi yanamtoka, wala haitwi sebuleni kutoa ushahidi. Alijua ni nani aliyevuta akiwa amelivaa lile koti. Asubuhi, fundi akiwa bado anaoga, yeye alikwenda dukani kununua mkate. Nje kulikuwa na manyunyu. Akalichomoa koti msumarini, akalivaa, na mkate ulipokwisha kununuliwa akazunguka nyuma ya duka, akajibanza ukutani, akavuta sigara moja hadi ikamchoma vidole. Kisha akarudi, akalitundika koti palepale, na mumewe akalivaa kwenda kazini akipiga mluzi.

"Mke wangu!" Fundi aliita. "Njoo uniokoe huku! Mwambie mama, tangu tutoke kwa daktari, umeshaniona na sigara?"

Msusi alitokea mlangoni mwa jikoni na kisu mkononi. Msusi ndilo jina lililomkaa mtaani, hata mumewe alimwita hivyo akiwa na furaha.

"Mimi sijamwona, mama," alisema.

Kila neno hapo lilikuwa la kweli.

"Wewe utamwonea wapi, mwanangu, na unashinda saluni?" Mama mkwe alimtazama kwa huruma. "Huyu ni baba yake mtupu. Baba yake alikuwa anavutia chooni, halafu anamwaga dawa ya kusafishia choo mpaka tunakohoa nyumba nzima. Nilimkamata. Na wewe nitakukamata."

"Umeshanikamata, mama. Ila sina kosa."

"Hivyohivyo ndivyo alivyosema baba yako."

Fundi akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetaka mambo yaishe. Mama hakucheka. Na Msusi akarudi kwenye vitunguu.

Sasa, hii forodha ya mlangoni haikuanza hivihivi.

Wale wawili walikuwa wameoana muda wa kutosha kwa watu kuanza kuwauliza maswali. Mwanzoni maswali yalikuja na kicheko, baadaye yakaja na ushauri, mwishowe yakaanza kukatizwa kila wao walipoingia mahali, na hapo ndipo walipoona bora wakamwone daktari. Fundi alikuwa mvutaji wa wazi. Pakiti mfuko wa shati, sigara sikioni, nyingine mdomoni, akipima sponji. Mama mkwe, aliyekuja kuwasindikiza bila kusindikizwa na mwaliko wa mtu, alikaa kwenye kiti cha katikati.

Daktari alikuwa mwanamke mpole anayezungumza polepole, kama anayeamini kila mtu anaelewa akipewa nafasi. Alieleza kwamba kipimo cha mbegu za fundi si kizuri: chache, na nyingi zinaogelea ovyo, nyingine zimekaa tu kama abiria waliokosa gari. Sigara inachangia sana, alisema. Inapunguza idadi, inachosha mwendo, na inaharibu hata kile mbegu inachobeba ndani. Habari njema ni kwamba mwili wa mwanamume unatengeneza mbegu mpya muda wote, na zinachukua kama miezi mitatu hivi kukomaa. Aache kabisa, wapime tena.

"Kwa mwanamke ni tofauti," daktari aliendelea. "Mwanamke anazaliwa na mayai yake yote. Hakuna mengine yanayotengenezwa. Moshi unayamaliza kabla ya wakati wake, na yaliyobaki yanakuwa dhaifu. Hata mimba ikishika, inakuwa na hatari zaidi ya kutoka." Akageuka. "Na wewe, mama? Unavuta?"

Msusi alifungua mdomo. Hakujua angesema nini, na hakuja kujua, maana mama mkwe aliangua kicheko huku akipiga meza ya daktari.

"Huyu? Huyu nikiwasha kuni anakimbilia uani! Daktari, huyu ni msusi, mtoto mstaarabu. Moshi anaoujua ni wa kuchoma ncha za rasta."

Daktari akatabasamu. Fundi akatabasamu. Msusi akatabasamu pia, na lile tabasamu likawa jibu lake. Hakudanganya. Alisemewa, yeye akakaa tu kimya, na tangu siku ile ukimya ukawa unaota mizizi tumboni, mahali ambapo alitaka kiote kitu kingine.

Wiki hiyohiyo mama mkwe akahamia na begi lake. "Mpaka majibu ya pili," alisema. "Mimi ndiye nitakayemlinda huyu." Kila jioni fundi alikaguliwa mlangoni kabla hajavua viatu. Wenyewe, wakiwa chumbani, walimwita Forodha. "Leo Forodha amenipitisha bila ushuru," fundi angenong'ona, na mkewe angecheka kwa kufunika mdomo, kwanza kwa sababu inachekesha, pili kwa sababu mdomo ulikuwa na historia.

Maana Msusi hakukaguliwa. Nani amkague? Alirudi kila siku akinuka nywele zilizoungua, dawa ya kunyooshea, mafuta na jasho la wateja. Kiberiti cha gesi kwenye mfuko wa aproni kilikuwa kifaa cha kazi, kama mkasi. Ungemwekea sigara tatu juu ya harufu ile, zisingejulikana. Alianza kuvuta zamani, akiwa bado anajifunza kusuka, siku za kusimama mpaka miguu inavimba, na mwalimu wake wa kazi aliyekuwa anampa pafu moja la kutuliza njaa. Fundi alipomposa, aliona aibu kusema. Na aibu hiyo ilikua nao ndani ya nyumba.

Kesho yake, baada ya ugomvi wa koti, alijiapiza havuti. Alikuwa ameshajiapiza hivyo mara nyingi kiasi cha kuzoea, lakini safari hii alipita dukani bila hata kugeuza shingo. Shida ya lile duka ni kwamba sigara za kuuza moja moja ziliwekwa kwenye kopo, na kopo liliwekwa juu ya trei za mayai. Kila akinyoosha mkono kuchukua sigara, aliyaona yale mayai yamepangwa, meupe, kimya, yakimtazama. Siku hizi hata mayai ya kukaanga aliacha kununua. Fundi alifikiri ni kwa ajili ya bei.

Saluni, kabla ya saa nne, hamu ilikuwa imeshamzidi. Mteja alikuwa mama mmoja mpenda habari, kichwa chini, rasta nusu.

"Kwa hiyo nikamwambia, mume kama huyo ni wa kumfungia kabatini," mteja alikuwa anasema. "Au sivyo, dada?"

"Ndivyo."

"Lakini yule naye si mjinga, akanijibu... dada, mbona kunanuka?"

Msusi alishtuka. Moto wa kiberiti ulikuwa umepanda kutoka ncha hadi karibu na sikio. Akauzima kwa vidole vyake mwenyewe. Bonge, mwenzake wa kiti cha pili, mwanamke mnene mwenye roho nyepesi, akamwahi mteja na taulo na maneno.

"Hiyo ndiyo staili mpya, dada! Upande mmoja mfupi! Wenye vichwa vizuri tu ndio wanawekewa!" Kisha akamvuta Msusi pembeni, karibu na ndoo ya maji ya moto. "Wewe una nini? Nenda kule nyuma ukavute, utaniunguzia watu."

"Nimeacha."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Bonge aliguna. Yeye alikuwa havuti, lakini ndiye aliyejua, ndiye aliyekuwa anasema "ametoka kidogo" wateja wakiuliza.

"Kesho si ndiyo majibu?"

"Kesho. Ya kwake, na ya kwangu pia. Nilitolewa damu, nikapigwa picha ya tumbo."

"Na daktari anajua?"

Msusi alitazama vidole vyake vilivyoungua. "Forodha alimjibia."

"Basi wewe mwambie mumeo leo. Leo leo. Yule bwana ni mzuri mpaka anakera. Atakasirika, atapiga kochi nyundo, halafu atakuja kukuuliza umekula nini."

Wazo hilo lilimkaa. Mchana akachukua chakula cha fundi kwenye kontena, kazi ambayo kwa kawaida aliiachia mama mkwe, na njia nzima akawa anapanga maneno. Nina jambo. Hapana. Unalikumbuka lile koti? Hapana. Mume wangu, usicheke. Huyo atacheka kwanza. Alipofika karakana moyo ulikuwa unampiga kama mashine ya kushonea vitambaa.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kochi lisilo na ngozi, springi zote nje, misumari midogo imejipanga katikati ya midomo yake. Ndivyo alivyofanya tangu aache: zamani ni sigara, sasa ni misumari. Alipomwona mkewe akaitema kiganjani mmoja mmoja.

"Karibu, bibie. Kaa hapo, angalia springi isikuchome."

Akakaa. Fundi hakufungua chakula.

"Nataka kukuuliza kitu," alisema, "ila usinicheke."

Msusi, aliyekuwa na sentensi hiyohiyo mdomoni, akaimeza.

"Usiku nakuwaje?"

"Unakuwaje vipi?"

"Naamka? Natembea? Maana nimekaa hapa tangu asubuhi nawaza. Koti limenuka sigara. Mama hakosei, hiyo pua ilimkamata baba akiwa mtaa wa pili. Na mimi sijavuta. Sasa..." Alicheka, lakini macho hayakucheka. "Labda navuta usingizini. Kuna watu wanapika usingizini. Nimesikia kuna mmoja aliendesha gari."

"Huvuti usingizini."

"Una uhakika? Wewe ukilala, umelala."

"Nina uhakika."

"Basi nimerogwa." Akafungua kopo la misumari, akaingiza vidole viwili hadi chini, akatoa sigara moja, mpya, iliyonyooka. Akaiweka kwenye kiganja kama kifaranga. "Nimeinunua saa mbili asubuhi. Sijaiwasha. Nikasema, kama nitahukumiwa bure kila siku, bora nihukumiwe kwa kosa nililolifanya. Kesho wakisema hakuna kilichobadilika, si nitakuwa nimeteseka bure?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Hata springi zilikuwa kimya. Msusi alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Nipe hiyo."

Fundi akampa papo hapo, kwa haraka ya mtu aliyekuwa anaombea apokonywe. Mabega yakamshuka.

"Ningekuwa sina wewe, ningeshaanguka," alisema, na akafungua kontena, akala kwa hamu kama mtoto aliyesamehewa.

Msusi alitoka kwenda kuitupa. Nia ilikuwa kuitupa, hilo tumpe. Nyuma ya karakana kulikuwa na pipa la vitambaa vibovu, na kando ya pipa mabati yaliyosimamishwa, na katikati ya bati na ukuta kijia cha kutosha mtu mmoja mwembamba. Alisimama mbele ya pipa na sigara mkononi. Kiberiti kilikuwa mfukoni, kwa sababu ni kifaa cha kazi. Alipopata akili, moshi ulikuwa umeshaingia, ukashuka, ukamfungulia kila kitu kilichokuwa kimefungwa tangu asubuhi, na kwa muda mfupi alijisikia vizuri kiasi cha kutaka kulia. Kisha akayaona yale mayai kwenye trei. Akaisaga nusu iliyobaki ukutani mpaka ikawa unga, akasugua vidole kwa kitambaa chenye gundi, na aliporudi ndani mumewe alimwuliza, mdomo umejaa, "Umeitupa?"

"Nimeimaliza," alisema.

"Ahsante, mke wangu."

Siku ya majibu walikaa vilevile: mama mkwe katikati, na begi la mkononi kwenye mapaja kama ngao. Fundi alikuwa anatafuna karafuu kwa kasi. Msusi alikalia mikono yake.

Daktari alifungua karatasi ya kwanza, akasoma, akainua uso kwa fundi.

"Umeacha kweli."

"Si..." Fundi alikohoa, karafuu imepita njia isiyo yake. "Si ndicho ninachosema siku zote?"

"Inaonekana. Idadi imepanda vizuri sana. Mwendo pia. Haya ni majibu ya mtu mwingine kabisa. Hongera, maana najua si kazi ndogo."

Fundi aligeuka kumtazama mama yake. Alimtazama tu, na ilitosha. Mama mkwe alifungua begi lake, akalifunga, akalifungua tena.

"Sasa lile koti?" alisema kwa sauti ya chini. "Daktari, mimi pua yangu haijawahi kunidanganya."

"Labda alikaa na mtu anayevuta," daktari alisema. "Na hilo nalo si zuri, maana hata moshi wa mwenzako unaingia mwilini." Akachukua karatasi ya pili. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko ya kwanza, kisha akarudi juu akaisoma tena.

"Mama, una umri gani? Ni huu ulioandikwa hapa?" alimwuliza Msusi.

"Ndio huo."

"Kwenye ukoo wenu kuna mama au dada aliyekoma hedhi mapema?"

"Hapana. Mama yangu alizaa akiwa mtu mzima."

Daktari aliweka karatasi chini. "Nakuuliza kwa sababu akiba yako ya mayai ni ndogo. Yapo, usiogope, lakini ni ya mtu aliyekutangulia miaka kadhaa. Ukiwa na umri huu, bila sababu, si kawaida. Yapo mambo mengi yanayoweza kusababisha. Ninachotaka ni kujua nianzie wapi, maana kuna vipimo vingine vya kuuma kidogo, na sipendi kukufanyia bure. Kuna upasuaji uliwahi kufanyiwa? Dawa kali? Umewahi kuvuta sig—"

"Daktari!" Mama mkwe alishaanza kucheka, kile kicheko cha mara ya kwanza, ingawa sasa kilikuwa chembamba. "Si nilikwambia? Huyu hata—"

"Navuta."

Kicheko kilibaki hewani bila mwenyewe.

"Navuta," Msusi alirudia, kwa sababu mara ya kwanza hakuamini kama ni yeye. "Tangu kabla sijaolewa. Zamani ilikuwa moja moja, siku hizi zaidi. Nilitaka kusema siku ile. Sikusema."

Nje, mtu alipita akisukuma kitanda chenye gurudumu bovu, kikalia kwii, kwii, mpaka mwisho wa ukumbi. Fundi alikuwa anatazama magoti yake. Unaweza kumwona mtu akipanga vitu kichwani, na Msusi aliviona vikipangwa kimoja baada ya kingine.

"Koti," alisema fundi.

"Asubuhi. Nilipokwenda kununua mkate."

"Na ile ya kwenye kopo la misumari?"

"Nayo."

"Ulisema umeimaliza." Akatikisa kichwa polepole. "Na mimi nikakushukuru."

Daktari hakumgombeza, na hilo ndilo lililomliza. Alimsogezea karatasi laini za kufutia machozi na akaongea kwa ule mwendo wake wa polepole. Yaliyopotea hayarudi, alisema, sitakudanganya. Lakini yaliyobaki ni yako bado, na ukiacha leo unaacha kuyapunguza kwa moshi. Mwili unaanza kujirekebisha. Wapo wanaopata mtoto kwa akiba kama hii, wapo wanaohitaji msaada, na hata huo msaada hufanya kazi vizuri zaidi kwa asiyevuta. Ila ni leo. Si baada ya mwezi, si baada ya kupunguza punguza. Kuna dawa za kusaidia, tutazizungumza, lakini dawa peke yake haitoshi. "Utahitaji mtu nyumbani wa kukusimamia," alimaliza. "Mtu ambaye huwezi kumzunguka."

Walirudi nyumbani wakiwa watu watatu wa safari tatu. Fundi alitangulia mbele, mikono mifukoni. Mama mkwe alikuja katikati, na kila baada ya muda alipandisha pumzi puani kwa nguvu, kama anayejaribu kifaa kilichomharibikia. Msusi alifuata nyuma. Walipopita lile duka, kopo lilikuwa palepale juu ya trei. Mwili wake wote uligeuka kulitazama, shingo peke yake ndiyo iliyokataa, na akatishika kuona kwamba hata leo, hata na macho mekundu hivi, angeweza.

Fundi hakuingia ndani. Alikaa uani kando ya kiti cha jirani alichokuwa anakitengeneza, akaanza kupigilia. Ta! Ta! Ta! Alikuwa anapiga msumari ambao ulishazama zamani.

Chumbani, mama mkwe alikuwa anafunga begi. Kanga, ndala, chupa ya mafuta ya kuchulia magoti, mfuko wa karafuu. Msusi alisimama ukumbini akimwangalia kupitia pazia. Hii ndiyo siku aliyoisubiri. Mara ngapi alilala akiiombea? Forodha ifungwe, ofisi ivunjwe, mtu aingie kwake bila kukaguliwa.

"Mama, unaondoka?"

"Kazi iliyonileta imeisha." Hakugeuka. "Mwanangu amepona. Na pua yenyewe si umeona? Nimeisifia mtaa mzima. Kila jioni namnusa mtu asiye na kosa, mwenye kosa yuko jikoni ananikatia vitunguu, ananiambia, mama, karibu chakula." Zipu ilikwama. Akaivuta kwa hasira. "Nimemwita mwanangu mwongo. Nimemwita baba yake. Na wewe ulikuwa unasikia."

"Nilikuwa nasikia."

"Sitaki kusema neno baya. Ndiyo maana naondoka."

Zipu ikakubali. Mama mkwe akanyanyua begi begani, akapita pembeni mwa Msusi bila kumgusa, akatoka hadi mlangoni, akalitua begi, akaanza kutafuta viatu vyake kwa mguu. Uani, fundi aliona begi, akasimamisha nyundo hewani.

Na Msusi akaiona nyumba hii ikiwa tupu. Akajiona jioni akirudi na harufu yake ya rasta zilizoungua, na mumewe ambaye gundi ilishamuua pua miaka mingi, ambaye atakasirika wiki moja kisha atamwuliza umekula nini, ambaye ukimwambia nimeimaliza anasema ahsante. Akamwona yule mwenye duka akimtolea sigara kabla hata hajaomba. Angeweza kumzunguka Bonge. Angeweza kumzunguka fundi huku amelala. Duniani kote kulikuwa na pua moja tu aliyoiogopa, na sasa ilikuwa inavaa kiatu cha pili.

Alimpita mama mkwe kwa haraka, nusura amwangushe, akatoka nje kabisa, kisha akageuka akasimama kwenye mkeka wa mlangoni, palepale fundi anaposimamishwa kila jioni. Akatoa kiberiti mfukoni, akakiweka juu ya begi la mama mkwe. Akafungua kilemba. Akanyoosha mikono yote miwili, vidole vimetanuka, vile vilivyoungua vikiwa mbele, na akainama mpaka kichwa chake kikawa chini ya kidevu cha yule mama.

"Mama," alisema, "rudisha begi ndani. Ninuse mimi."